Gramu 24, 28, 32 au 36? Kuchagua risasi za shotgani zisizoumiza bega wala kupasua kitako

Mtu anaponunua risasi za shotgani, kwa kawaida huangalia ukubwa wa marisau, yaani zile chembe za duara zilizo ndani ya risasi, na bei. Hayo mawili hayasemi lolote kuhusu teke, yaani pigo la bunduki inaporudi nyuma begani. Kinachoamua teke kimeandikwa palepale kwenye boksi, mara nyingi kwa herufi ndogo pembeni: gramu za marisau na kasi yake yanapotoka mtutuni.

Ulinganisho huu ni kwa mwenye bunduki ya kitako cha mbao, hasa ikiwa ni ya zamani au nyepesi, na kwa yeyote ambaye bega lake huchoka kabla boksi halijaisha. Msimamo wangu nautoa mapema: wengi wetu tunafyatua mzigo mzito kuliko kazi inavyodai, na mbao ndiyo inayobeba gharama.

Teke hupimwaje

Bunduki hurudi nyuma kwa sababu kuna vitu vimesukumwa mbele. Vitu hivyo ni vitatu: marisau, kizibo kinachokaa kati ya baruti na marisau, na baruti yenyewe ikiwa imegeuka gesi. Zidisha uzito wa kila kimoja kwa kasi yake, jumlisha, kisha gawanya kwa uzito wa bunduki. Unachopata ni kasi ya bunduki inapokuja begani. Gesi hutoka haraka kuliko marisau, ndiyo maana katika hesabu za shotgani uzito wa baruti huzidishwa kwa kasi ya marisau mara moja na nusu.

Chukua risasi ya kawaida ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikiwa ndogo, mtutu ni mpana): marisau gramu 28, kizibo gramu 2.5, baruti gramu 1.2, kasi mita 366 kwa sekunde. Kwenye bunduki ya kilo 3.2, chuma na mbao hurudi kwa kasi ya mita 3.7 kwa sekunde, na nishati yake ni jouli 22. Karibu asilimia 87 ya msukumo huo umetoka kwenye marisau peke yake. Baruti na kizibo ni wasindikizaji tu.

Jambo la kukumbuka ni kwamba nishati hukua kwa mraba wa kasi. Ukiongeza msukumo kwa theluthi moja, teke haliongezeki kwa theluthi. Linakaribia kuzidi kwa asilimia themanini. Hapo ndipo wengi hushangaa kwamba hatua moja tu juu dukani imegeuza bunduki ya upole kuwa ya kuogopwa.

Hii hapa hesabu ya mizigo inayopatikana zaidi, yote ikifyatuliwa kwenye bunduki ileile ya kilo 3.2. Uzito wa vizibo na baruti nimeuchukua wa kawaida, hivyo risasi zako zinaweza kupishana na jedwali kwa jouli moja au mbili.

| Mzigo wa marisau | Kasi (mita kwa sekunde) | Kasi ya bunduki kurudi | Nishati ya teke |
|---|---|---|---|
| gramu 21 | 366 | 2.9 | jouli 13 |
| gramu 28, ya polepole | 300 | 3.0 | jouli 14 |
| gramu 24 | 366 | 3.2 | jouli 17 |
| gramu 28 | 366 | 3.7 | jouli 22 |
| gramu 32 | 372 | 4.3 | jouli 29 |
| gramu 28, ya kasi | 427 | 4.4 | jouli 31 |
| gramu 36 | 390 | 5.0 | jouli 40 |
| gramu 53, magnamu | 369 | 6.9 | jouli 76 |

Gramu 24 dhidi ya gramu 28

Huu ndio uamuzi wenye faida kubwa kuliko yote, na ndio unaodharauliwa zaidi. Kushuka gramu nne kunaondoa karibu robo ya teke. Unachopoteza ni chembe. Kwa marisau ya madini ya risasi yenye kipenyo cha milimita 2.4, gramu 28 zina chembe kama 345 na gramu 24 zina kama 295. Tofauti hiyo ipo, siikatai, lakini itazame kwa jicho la kazi: wanaoshindana Olimpiki kwenye visahani vya udongo wamewekewa kikomo cha gramu 24, na wanavivunja visahani vinavyokimbia kasi kuliko ndege wengi. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa 28, na kabla yake 32. Mzigo ulipungua, na visahani vikaendelea kuvunjika.

Kwa mazoezi, basi, sioni hoja ya kupanda juu ya 24. Mtu anayefyatua mara mia kwa siku moja hufikwa na jambo baya kuliko maumivu: bega huanza kungoja teke, jicho hufumba kabla kidole hakijamaliza kuvuta, na mtutu husimama ghafla wakati ulipaswa kuendelea kufuata shabaha. Shabaha hupotea kwa kufumba jicho huko, wala si kwa chembe hamsini zilizokosekana. Na mbao nayo imepokea mapigo mia.

Gramu 28 ni za kuwindia. Hapo chembe zaidi ni haki ya mnyama, kwa sababu ndege aliyejeruhiwa akaponyoka ni kosa zito kuliko kisahani kilichopita salama. Siku ya kuwinda mtu hufyatua mara chache, kwa hiyo jouli tano za ziada wala hazihisiki. Ni mzigo wa kati wenye busara, na bunduki nyingi za geji 12 zenye uzito wa kilo tatu hivi huubeba bila kulalamika.

Gramu 21 nazo zisitupwe kando kana kwamba ni za watoto. Kwa mtu anayejifunza, kwa mwenye bega bovu, au kwa bunduki ya zamani ambayo unataka warithi wako waikute nzima, ni mzigo mzuri sana kwa umbali wa mita 20 hadi 25.

Kasi: mahali ambapo boksi hudanganya jicho

Rudi kwenye jedwali utazame mstari wa gramu 28 za kasi. Zinapiga teke kubwa kuliko gramu 32 za kawaida. Mnunuzi aliyeshuka kutoka 32 hadi 28 ili apumzike, akachukua boksi lenye maneno makubwa ya kusifia kasi, hakushuka popote. Amepanda.

Wauzaji hupenda kasi kwa sababu inaeleweka haraka. Lakini marisau ni duara, na duara hupunguzwa mwendo na hewa vikali. Kadiri yanavyotoka haraka ndivyo yanavyopoteza kasi haraka. Ule ubora wa mita 60 kwa sekunde uliokuwapo mtutuni huwa umeliwa sehemu kubwa yanapofika kwenye shabaha. Begani hakuna kilicholiwa: teke lote hulipwa papo hapo.

Kwa hiyo kati ya risasi mbili za uzito mmoja, chukua ile ya polepole isipokuwa una sababu ya kueleweka. Sababu moja ya kueleweka ni marisau ya chuma. Chuma ni chepesi kuliko madini ya risasi: sentimita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa gramu 7.9 hivi, na ya madini ya risasi gramu 11.3. Chembe ya chuma ya ukubwa uleule hupoteza nguvu mapema, ndiyo maana viwanda huisukuma kwa kasi zaidi na kushauri chembe kubwa kidogo. Anayewinda mahali ambapo sheria inakataza madini ya risasi atalazimika kukubali teke hilo, au atafute marisau ya bismathi, ambayo uzito wake uko katikati, karibu na gramu 9.6, na huruhusu kasi ya upole zaidi. Kwa bunduki ya zamani chuma kina tatizo jingine lisilohusu kitako: ni kigumu, kinaweza kukwaruza mtutu laini na kutanua choki iliyobana, yaani ile sehemu nyembamba ya mdomoni mwa mtutu. Kwa bunduki hizo bismathi ndiyo salama, kama mfuko unaruhusu.

Tahadhari moja katika kulinganisha namba za mabokisi. Viwanda havipimi kasi mahali pamoja. Ulaya hupima mita 2.5 mbele ya mtutu. Marekani hupima kama futi tatu kutoka mdomoni. Wengine huandika kasi ya mdomoni penyewe, ambayo daima ni kubwa zaidi. Mabokisi mawili yenye namba tofauti yanaweza kuwa na risasi zinazofanana. Na baadhi ya mabokisi ya Kimarekani hayaandiki kasi kabisa; yanaandika kipimo cha zamani cha dramu, kinacholinganisha risasi na baruti nyeusi ya enzi zile. Kwa mzigo wa wakia moja na moja ya nane, yaani gramu 32, dramu 2¾ maana yake ni futi 1,145 kwa sekunde na dramu 3 ni futi 1,200. Namba ndogo ya dramu kwa mzigo uleule ni teke dogo. Hilo linatosha kwa kuchagua.

Gramu 32 na 36, halafu magnamu

Gramu 32 zilikuwa mzigo wa kila kitu kwa miaka mingi, na bado zina mahali pake kwa ndege wakubwa au umbali wa mita 35 na kuendelea. Sina ugomvi nazo kwenye bunduki ya kilo 3.2 au zaidi.

Gramu 36 ni habari nyingine. Jouli 40 ni karibu mara mbili ya gramu 28 za kawaida. Ukiitia risasi hiyo kwenye bunduki ya mtutu mmoja ya kilo 2.5, ile ya bei nafuu inayobebwa porini kwa sababu ni nyepesi, teke linapanda hadi jouli 51. Nimeona vitako vingi vya bunduki za aina hiyo vimefungwa waya au mpira wa baiskeli shingoni. Mbao hizo hazikuwa mbovu. Zilipewa kazi ya bunduki nyingine.

Risasi moja nzito, ile inayotumika kwa wanyama wakubwa badala ya marisau, iingize katika kundi hilihili. Gramu 28 zikitoka kwa mita 480 kwa sekunde hutoa jouli 40 kwenye bunduki yetu ya mfano. Viwanda vingi vina aina ya teke dogo inayotoka kwa mita 366 hivi, na kwa umbali wa mita 50 inatosha.

Magnamu, yaani risasi ya nguvu kupita kawaida, ya gramu 53 haina nafasi kwenye bunduki yoyote ya mbao ninayoijali. Iliundwa kwa bunduki nzito za kuwindia bata bukini, na huko ndiko ikae.

Kanuni ya 96

Mtengeneza bunduki wa Uingereza W. W. Greener aliacha kanuni ambayo hadi leo sijaona iliyo rahisi kuliko hiyo: bunduki iwe na uzito mara 96 ya mzigo wake. Igeuze upate jibu lako. Pima bunduki yako ikiwa tupu, kwa gramu, gawanya kwa 96. Bunduki ya kilo 2.7 inapata gramu 28. Ya kilo 3.1 inapata 32. Ya kilo 3.5 inapata 36. Gramu 53 zingehitaji bunduki ya kilo tano na kitu, jambo linalokuonyesha jinsi magnamu ilivyo mbali na kipimo cha mwili wa binadamu.

Kanuni hiyo haijui kasi, kwa hiyo itumie kwa risasi za mwendo wa kawaida tu. Ukinunua za kasi, shuka hatua moja ya uzito.

Inamaliza pia ubishi wa geji. Wengi huamini geji 20 hupiga teke dogo kuliko geji 12. Geji haihusiki. Geji 20 ya kilo 2.7 yenye gramu 28 hutoa jouli 26, wakati geji 12 ya kilo 3.2 yenye mzigo uleule hutoa 22. Upole wa geji 20 hupatikana pale tu inapopewa mzigo wake wa gramu 21 au 24. Na kwa kuwa nimezitaja geji mbili pamoja: usiziweke kamwe risasi zake kwenye mfuko mmoja. Risasi ya geji 20 huteleza ndani ya chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi) ya geji 12, hukwama mbele, na ile ya 12 ikiingizwa nyuma yake na kufyatuliwa, mtutu hupasuka. Ndiyo sababu viwanda hufanya maganda ya geji 20 kuwa ya njano.

Presha na urefu wa ganda havipimi teke

Mwenye bunduki ya zamani huambiwa: nunua risasi za presha ndogo, zitalinda kitako. Ushauri huo una nusu ya ukweli, na nusu iliyokosekana ndiyo inayopasua mbao.

Presha hukaa chembani na kusukuma kuta za mtutu. Ndiyo inayopasua chuma. Kitako hakiioni, kitako huona msukumo, yaani uzito na kasi. Gramu 30 za presha ndogo zikitoka kwa kasi ileile na gramu 30 za presha ya kawaida, teke ni lilelile kwa hesabu yoyote utakayofanya. Baruti inayoungua polepole inaweza kugawanya msukumo kwa tofauti ya sehemu ndogo mno za sekunde, na wapo wanaoapa kwamba wanaihisi. Mbao haiokolewi na tofauti hiyo.

Presha ndogo inabaki kuwa muhimu, lakini kwa mtutu. Kiwango cha C.I.P., tume ya kimataifa ya kupima usalama wa bunduki na risasi, kinatenganisha geji 12 za kawaida, zenye kikomo cha baa 740, na zile za nguvu zaidi zenye kikomo cha baa 1,050. Mtutu uliopimwa kwa kundi la kwanza usipewe risasi za kundi la pili, hata kama gramu zake ni chache na teke ni la upole. Hayo ni maswali mawili tofauti, na bunduki ya zamani inadai majibu ya yote mawili.

Urefu wa ganda nao huchanganya. Namba iliyoandikwa, milimita 65, 70 au 76, ni urefu wa ganda likishafyatuliwa na mdomo wake kufunguka. Kabla ya hapo limekunjwa na ni fupi zaidi, ndiyo maana ganda la 70 huingia kwa urahisi kwenye chemba ya 65 na mlango ukafungwa bila kelele. Likifyatuliwa, mdomo hufungukia sehemu inayobana mbele ya chemba na presha hupanda. Kuingia si ruhusa. Bunduki nyingi za mitutu miwili za mwanzoni mwa karne ya 20, hasa za Uingereza, zina chemba za 65. Fundi bunduki akupimie kabla hujanunua hata boksi moja.

Wanaojaza risasi wenyewe huvutwa na wazo la kupunguza baruti kidogokidogo hadi teke lipoe. Msifanye hivyo kwa kukisia. Baruti ikipungua chini ya kiwango haiungui sawasawa, kizibo kinaweza kubaki katikati ya mtutu, na risasi inayofuata hukutana nacho. Fuateni jedwali la mtengenezaji wa baruti, herufi kwa herufi. Mizigo mepesi imo humo tayari.

Kitako hupasuka namna gani

Bega huumizwa na jumla ya teke. Mbao huumizwa na namna teke linavyopita ndani yake, na hapa bunduki mbili zinazofyatua risasi moja zinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa.

Chuma kinaporudi nyuma hukandamiza kichwa cha kitako. Kikigusa mbao pande zote kwa usawa, mzigo husambaa. Kikigusa sehemu moja tu, sehemu hiyo hubeba yote. Sehemu mbaya kuliko zote ni ncha ya ulimi wa chuma ule wa juu unaoingia kwenye shingo ya kitako. Ncha hiyo ikigusana na mbao, kila risasi huigeuza kabari, na kabari hufuata nyuzi za mbao. Mafundi wazuri huacha mwanya mwembamba nyuma ya ulimi kwa makusudi. Ukiona mwanya huo kwenye bunduki yako, usikimbilie kuujaza gundi ukidhani ni uzembe wa kiwanda.

Boliti ya kitako iliyolegea hufanya mabaya zaidi, kwa sababu chuma hupata nafasi ya kwenda mbio kabla ya kugonga mbao. Badala ya msukumo inakuwa nyundo. Bunduki yenye boliti iliyolegea inaweza kupasuliwa hata na gramu 24. Ikague kabla ya kulaumu risasi.

Halafu kuna mafuta. Bunduki iliyosimamishwa kwa miaka mtutu ukiangalia juu, huku ikinyunyiziwa mafuta kwa mapenzi kila baada ya matumizi, huyashusha yote kwenye kichwa cha kitako. Mbao hugeuka nyeusi, hulainika na kupoteza nguvu. Ukiondoa kitako ukakuta mbao ya ndani ina rangi ya lami na kidole kinang'aa mafuta, mzigo wako wa juu kabisa ni gramu 24 hadi fundi ayanyonye mafuta hayo na kuimarisha kichwa. Kuanzia hapo ihifadhi mtutu ukiangalia chini.

Yapo mambo mawili ambayo huenda kinyume na akili ya kawaida, na kwa sababu hiyo huharibu bunduki za watu makini. La kwanza ni vile viti vya chuma vya kubana bunduki wakati wa kupima shabaha, vyenye mifuko ya uzito. Bega hushukuru. Lakini bunduki isiyoweza kurudi nyuma hulazimisha nguvu yote kuishia ndani ya shingo ya kitako kwa muda mfupi zaidi. Bega la binadamu hurudi nyuma, na kurudi huko ndiko kunakookoa mbao. Vivyo hivyo, usifyatue ukiwa umeegemeza kitako kwenye mti au ukuta.

La pili ni uzito wa ziada. Kuongeza nusu kilo kunapunguza teke, hilo ni kweli, lakini uzito ukiuweka ndani ya kitako, nyuma ya shingo, shingo hiyo nyembamba ndiyo italazimika kuusukuma uanze kutembea kila unapofyatua. Bega limepumzika, shingo imeongezewa kazi. Uzito ukiwekwa mbele, kwenye mtutu au kwenye bomba la risasi, hupunguza teke kwa wote wawili. Kwa kitako chenye shingo nyembamba au nyuzi zilizopinda, tofauti hii inafaa kuzingatiwa.

Pedi ya mpira nyuma ya kitako haipunguzi msukumo hata kidogo. Inaurefusha muda wake, na hilo ni jema kwa bega na kwa mbao pia. Ni nyongeza ya kwanza ninayoishauri, kabla ya kitu kingine chochote.

Bunduki gani na mzigo gani

Bunduki zinazojikoki zenyewe kwa gesi ndizo za upole kuliko zote, kwa sababu teke husambaa kwa muda mrefu zaidi. Tatizo lake ni la upande mwingine: mzigo ukiwa mwepesi mno, gesi haitoshi na ganda linakwama. Nyingi hufanya kazi vizuri kwa gramu 28, na baadhi ya za kisasa hukubali 24. Jaribu risasi chache kabla ya kununua katoni. Zile zinazotumia mwendo wa teke lenyewe hutaka teke la kutosha ili zikoki, kwa hiyo kuzipa mzigo mwepesi na kuongeza uzito kwa pamoja huzizima.

Browning Auto-5 inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa bado zimo mikononi mwa watu wengi. John Browning aliipatia hataza mwaka 1900, na mtutu wake wote hurudi nyuma kila unapofyatua, ukizuiwa na springi na pete za msuguano. Pete ya chuma huwekwa mbele ya springi kwa risasi nzito, na huhamishiwa nyuma, upande wa mitambo, kwa risasi nyepesi. Ukifyatua gramu 36 huku pete zimepangwa kwa gramu 28, mtutu hurudi bila breki: bega hupigwa vibaya na mbao ya mbele hupasuka. Ukinunua Auto-5 iliyotumika, kazi ya kwanza ni kufungua mbao hiyo na kutazama pete zimekaaje. Usimwamini muuzaji kwa maneno.

Mitutu miwili ya zamani, nyepesi, chemba ya 65: gramu 24 au 28 za mwendo wa polepole, ganda la 65, presha ya kawaida au chini yake. Sioni sababu ya kuvuka hapo.

Mitutu miwili ya kisasa ya kilo 3.3 na kuendelea, inayotumika kwa visahani: gramu 24 kwa mazoezi, 28 siku ya mashindano kama kanuni zinaruhusu na kama zinakupa imani.

Mtutu mmoja mwepesi: gramu 24 hadi 28, na pedi ya mpira. Kama kazi yako kweli inadai gramu 36, badilisha bunduki, usibadilishe risasi.

Pampu, bunduki inayokokiwa kwa kuvuta mshiko wa mbele, yenye kitako cha plastiki haina hofu ya kupasuka, kwa hiyo hapo unachagua kwa ajili ya bega lako tu. 32 ni kikomo kizuri.

Na kama kitako tayari kina ufa, hakuna risasi katika jedwali hili iliyo salama kwake. Ondoa risasi zote, hakikisha chemba ni tupu, toa kitako, kisha pangusa mbao ya ndani kwa spiriti: spiriti hukauka juu ya mbao nzima na kubaki kwa muda ndani ya ufa, ukaonyesha mstari mweusi mahali ulipofika. Ufa mfupi ulioanzia nyuma ya ulimi fundi anaweza kuujaza gundi na kuupitishia pini, na mwanya wa nyuma ya ulimi ukarudishwa. Ikirudi kutoka kwa fundi, anza na gramu 21, piga chache, kisha toa kitako uangalie tena mstari uleule kabla ya kupanda hadi 24.